Siku Tisini

Mapenzi ya watu wakaao mbalimbali si jambo jipya katika pwani yetu. Kabla ya meli za moshi, majahazi yalikuja kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi kwa upepo wa kaskazi, uanzao kuvuma mwishoni mwa mwaka, yakarudi kwa kusi baada ya miezi michache. Wako wanamaji waliokuwa na mke huku na mke kule, na wako wanawake waliozeeka wakitazama bahari. Mwanamke wa siku zile alijua wakati wa kumtazamia mumewe kwa kuangalia makuti ya mnazi yameinamia upande gani. Upepo ukikawia alivumilia. Ukikataa hakuuliza sababu, maana upepo haujibu. Lakini upepo ulikuwa na sifa moja ya haki: haukumwuliza mtu kiasi cha fedha alizoweka benki, wala jina la mwajiri wake, wala kama alikusudia kurudi.

Mimi si mwanamaji. Ni mwalimu wa shule ya sekondari katika mji wa Tanga, na upepo ninaoungoja mimi ni muhuri. Tangu mwaka 2016 nampenda mtu ambaye nchi yake ni mbali na yangu, na katika muda huo nimejifunza mambo ya balozi, bima na hesabu za siku kuliko nilivyotaka kuyajua. Siandiki kwa kuwa habari zangu ni kubwa kuliko za wengine. Naandika kwa kuwa niliulizwa swali na watu watatu, nikawajibu kila mmoja kwa namna yake, na ilinichukua miaka kufahamu kuwa swali lao lilikuwa moja.

Mwenzangu alikuja Unguja kujifunza Kiswahili, nami katika likizo ya shule nilikuwa nimeajiriwa huko kuwafundisha wageni. Nchi yake sitaitaja. Yatosha kusema kuwa ni mojawapo ya nchi 29 za Ulaya zilizomo leo katika Mapatano ya Schengen, na mengi nitakayosema yafaa kwa zote. Masomo yalipokwisha alirudi kwao, tukaandikiana. Aliniletea barua kwa Kiswahili, nami nikasahihisha ngeli zake na kumrudishia. Siku moja ikaja barua isiyokuwa na kosa hata moja. Nilihuzunika, kwa kuwa sikuwa na sababu tena ya kujibu. Kisha nikajibu bila ya sababu. Hapo ndipo yeye na mimi tulipojua lililokuwa limetupata.

Alirudi Juni 2017, nami nikaenda Unguja kumpokea. Katika uwanja wa ndege alijaza karatasi, akalipa dola 50 za Marekani, akapewa ruhusa ya kukaa siku 90. Kazi yote haikutimiza nusu saa. Hakuna aliyemwuliza mshahara wake, wala kama alikuwa na nyumba kwao, wala siku ya kuondoka kwake itathibitishwa na nani. Karani alimwambia, "Karibu," naye akajibu, "Ahsante, nimeshakaribia," na karani akacheka kwa furaha. Nilijivunia nchi yangu siku ile na bado najivunia, ijapokuwa najua kuwa wako wageni wa mataifa mengine ambao kwetu nasi hawapati viza mpaka maombi yao yachunguzwe kwanza. Tulivuka kwenda Tanga, akafikia kwa dada yangu. Mama alimpikia nguru wa nazi, akamwita mwanangu tangu siku ya kwanza. Alipoondoka tulipatana kuwa mwaka ujao zamu ni yangu: mimi ndimi nitakayekwenda, nimwone baba yake na mama yake, kama ilivyo desturi ya mtu mwenye nia njema.

Asiyefanya safari ya namna hii hudhani kuwa viza ni karatasi moja. Kumbe ni karatasi nyingi zilizosimama mlangoni, kila moja ikiiambia nyingine itangulie. Ubalozi wataka kuona nafasi ya ndege iliyoshikwa. Lakini si busara kulipa nauli kabla ya viza, maana viza ikikosekana nauli huenda ikapotea pamoja nayo. Bima yataka tarehe. Tarehe zataka likizo. Likizo yangu mimi yafuata mihula ya shule. Yake hupangwa na wakubwa wake mwanzo wa mwaka, nao wataka kujua kama mgeni atakuja kweli. Na kama mgeni atakuja kweli ni jambo lijulikanalo kwa viza. Hivyo mtu huzunguka kama ng'ombe wa kinu cha mafuta, akirudi kila mara palepale alipoanzia. Bima yenyewe lazima iweze kulipa gharama za maradhi zisizopungua yuro 30,000. Nilipoisoma tarakimu ile nilistaajabu kuona kuwa ugonjwa wangu wa wiki tatu ulikuwa umepewa thamani kubwa kuliko afya yangu ya miaka mingi.

Kosa langu liliingia penye taarifa ya benki. Ubalozi ulitaka kuona hesabu zangu za miezi ya nyuma. Mshahara wangu uliingia mwisho wa mwezi na kutoka mwanzo wa mwezi, kama maji ya kujaa na kupwa, na wakati wa kupwa ufuko ulionekana mtupu. Mjomba wangu, ambaye hakupata kuvuka mpaka ila wa Horohoro, alinishauri kwa mapenzi. "Mpwa wangu," alisema, "mtu haendi ugenini na kanzu yenye tundu. Lizibe tundu, ukirudi utalizibua." Yeye akanikopesha, kaka yangu akanikopesha, na chama cha kuweka na kukopa cha walimu kikanikopesha. Katika wiki moja shilingi milioni sita ziliingia katika hesabu yangu. Fedha zilikuwa za kweli. Uongo ulikuwa katika kuonekana kwake kuwa zangu.

Nilipanda basi usiku, nikapita mwendo wa kilomita 350 hivi mpaka Dar es Salaam, na asubuhi nikasimama mbele ya dirisha na bahasha yangu. Nililipa ada ya yuro 60, ambayo hairudishwi hata mtu akinyimwa. Nikaweka vidole vyangu kumi juu ya kioo, kimoja kimoja vikapigwa picha. Karani alikuwa mtu mwenye adabu. Alifunua karatasi bila ya haraka, akafika penye hesabu ya benki, akaweka kalamu juu ya tarakimu.

"Fedha hizi zimetoka wapi, mwalimu?"

"Ni akiba yangu," nikajibu.

Hakubisha. Aliandika neno moja pembeni, akanishukuru, akaniambia nitaarifiwa. Nilishuka ngazi nikijiambia kuwa nimefaulu.

Sheria ya viza ya nchi zile yaagiza jibu lipatikane kwa kawaida katika siku 15. Langu lilikuja siku ya kumi na mbili. Lilikuwa karatasi iliyochapwa kwa watu wote, yenye orodha ya sababu za kukataliwa, na mbele ya kila sababu kijumba kidogo kitupu. Vijumba viwili vilitiwa alama ya vema. Mimi ni mwalimu. Maisha yangu yote alama ya vema nimeitia penye jibu la haki. Siku ile niliiona imetiwa penye maneno yasemayo kuwa makusudi yangu ya kuondoka katika nchi zao kabla ya viza kwisha hayakuweza kuthibitishwa. Nikakumbuka kuwa katika Kiswahili neno viza lilikuwapo kabla ya balozi: yai viza ni yai lililolaliwa likashindwa kuanguliwa. Wahenga walilijua neno kabla ya kulijua jambo.

Nililalamika kwa kila aliyenisikiliza. Nilisema nimeonewa kwa rangi yangu, kwa umaskini wa nchi yangu, kwa mapenzi yangu. Mwenzangu aliyasikia malalamiko hayo akayaamini yote. Karatasi ya kukataliwa husema kuwa mtu ana haki ya kukata rufani, naye akakaa usiku akaandika barua ndefu ya kunishuhudia. Aliandika kuwa mimi ni mtu mwaminifu; aliandika kuwa fedha zile zilikuwa akiba yangu ya miaka. Akatia sahihi yake. Nilipewa nakala niisome kabla haijapelekwa, nikasahihisha herufi mbili, nikaiacha sentensi ile kama ilivyo. Rufani haikufaulu. Fedha za watu nilikuwa nimekwisha kuzirudisha.

Mwalimu akikasirika husoma, nami nikaingia maktabani kutafuta silaha. Nilisoma kuwa kabla ya vita vikuu vya mwaka 1914 mtu aliweza kupita mipaka mingi ya Ulaya bila ya pasipoti. Kwamba vita viliirudisha pasipoti kwa hofu ya wapelelezi. Na kwamba mkutano uliofanywa Paris mwaka 1920 chini ya Shirikisho la Mataifa ulipendekeza namna moja ya kitabu cha pasipoti, ambacho ndicho babu wa kijitabu kilichomo mfukoni mwangu. Nilisoma pia kuwa Schengen ni kijiji cha Luxembourg kando ya mto Moselle, na kwamba tarehe 14 Juni 1985 wajumbe wa Ubelgiji, Ufaransa, Luxembourg, Uholanzi na Ujerumani Magharibi walitia sahihi mapatano yao melini, juu ya maji ya mto ule, ili watu wapite kutoka nchi moja hata nyingine bila ya kusimamishwa. Ni jambo jema. Lakini milango ya vyumba ikiondolewa, mlango wa nje hutiwa komeo la pili.

Nilitaka silaha, nikapata fikira. Sisi wa pwani tuna desturi ya hodi. Mtu hufika mlangoni akapiga hodi mara tatu, na asipoitikiwa huenda zake bila ya kununa, maana nyumba ina mwenyewe. Sikuweza kuikana haki hiyo kwa watu wa Ulaya nikiitumia mwenyewe Tanga. Manung'uniko yangu yalikuwa na msingi katika jambo jingine: kwamba hodi ya mwenzangu huitikiwa kabla hajamaliza kuitamka, na hodi yangu hupimwa kwanza katika mizani. Hayo yalikuwa kweli, na ni kweli hata leo. Lakini chini yake lilikuwako jingine nililolificha hata katika mawazo yangu: nalipiga hodi kwa sauti isiyokuwa yangu.

Novemba 2018 baba yake alifariki. Alikuwa mzee aliyependa bustani yake ya viazi, na tangu aliposikia kuwa nitakuja alikuwa amejifunza maneno mawili, "Karibu, mwanangu," akiyarudiarudia mezani mpaka mkewe akamcheka. Aliyazoea maneno, mtu wa kuambiwa hakufika. Alizikwa baada ya siku sita. Hakuna viza ipatikanayo kwa mtu kama mimi katika siku sita. Mwenzangu alisimama kaburini bila ya mimi, nami siku ile nilisahihisha madaftari 40 nisiyoyaona.

Alikuja Tanga Desemba ile, amekonda. Usiku mmoja tulikaa barazani kwa mama. Mama akamwuliza kwa upole kwa nini mwanawe alinyimwa ruhusa. Naye akaanza kueleza, kwa Kiswahili chake safi, jinsi wenye ofisi walivyokataa kusadiki kuwa mwalimu aweza kuweka akiba. Alinitetea mbele ya mama yangu mzazi kwa uongo niliompa. Nikashindwa kustahimili. Nikasema yote: mjomba, kaka, chama cha walimu, karani na kalamu yake.

Mama aliinuka akaingia ndani. Mwenzangu alinyamaza kitambo kirefu, kisha akasema, "Karani ulimficha kwa kuwa ulimwogopa. Mimi ulinificha kwa nini? Au na mimi uliniona karani?"

Sikuwa na jibu, na hata leo jibu nililo nalo si zuri. Mtu aliyezoea kuulizwa thamani yake dirishani huanza kudhani kuwa kila anayemtazama anamhesabu. Niliona haya ya umaskini mbele ya mtu ambaye hakuniuliza kamwe utajiri. Aliondoka baada ya siku kumi, na katika uwanja wa ndege hatukupatana lolote juu ya kuonana tena. Miezi miwili barua zake zilikuwa fupi. Machi 2019 ikaja moja yenye sentensi hii tu: kama nataka kuja, nije kwa jina langu na mshahara wangu.

Nikaanza upya. Mara hii taarifa ya benki ilionyesha kujaa na kupwa kama ilivyokuwa. Mwenzangu alikwenda katika ofisi za serikali ya kwao akatia sahihi kuwa gharama zangu zote atazibeba yeye. Na mwanamume wa kwetu hujua uzito wa karatasi ya namna hiyo. Mkuu wa shule aliandika siku ambayo muhula utafunguliwa. Nami nikaandika barua yangu kwa maneno machache: kwamba nampenda mtu, kwamba baba yake amefariki sikumwona, kwamba nina mama, na wanafunzi wa kidato cha nne wanaongoja mtihani, na kwamba mwaka uliopita nilisema fedha fulani ni zangu nazo hazikuwa zangu. Rafiki zangu waliniambia kuwa sentensi ya mwisho itaniua. Nikaiacha.

Nilipewa siku 21. Sisemi kuwa kweli hulipwa viza. Namjua mtu aliyesema kweli akanyimwa, na namjua mwingine aliyedanganya kuliko mimi akapita. Labda karani alisadiki karatasi ya mwenzangu, wala hakusoma barua yangu. Nasema tu kuwa nilipoipokea pasipoti sikuona kuwa nimeshinda mtu.

Usiku wa kuamkia safari mama alinikunjia nguo. Alikunja shati moja mara tatu, kisha akauliza bila ya kunitazama, "Utarudi, mwanangu?"

Ofisi iliniuliza swali hilohilo kwa bahasha nzima, nikaona nimetukanwa. Mama aliniuliza kwa maneno mawili, nikaona nimependwa. Lakini swali halikuwa jingine. Nilimfikiri Bibi Salme, binti wa Sayyid Said, ambaye kila mwanafunzi wa historia ya Unguja amesikia habari zake. Aliondoka Unguja mwaka 1866 katika manowari ya Kiingereza, na mwaka 1867 akafunga ndoa Aden na Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg. Mlango wa Hamburg ulimfungukia. Mumewe alikufa mwaka 1870, na yeye alipokuja tena Unguja mwaka 1885, akiwa pamoja na meli za Kijerumani, nduguye Sultani Barghash hakumpokea. Alifia Ujerumani mwaka 1924. Siku zote nilikuwa nikidhani kuwa mlango mgumu ni wa ugenini. Bibi yule alijua kuwa kila safari ya mapenzi ina milango miwili, na ule wa kwenu nao waweza kufungwa nyuma yako.

"Nitarudi, mama," nikasema. Akafunga sanduku.

Juu ya siku zile 21 sitaandika mengi. Siku ya kuingia na siku ya kutoka zote huhesabiwa, kwa hiyo kwa kweli zilikuwa 19, na kila asubuhi niliamka na hesabu mpya mdomoni. Siku ya kwanza tulikwenda kaburini. Wahenga walisema kuwa mgeni ni siku mbili, siku ya tatu apewe jembe. Viza yangu ilikataza kazi ya malipo ya namna yoyote, na maana yake ni kuwa sheria ilitaka niwe mgeni mpaka siku ya mwisho. Lakini mama yake, ambaye hakupata kuisikia methali yetu, siku ya tatu alinichukua nyuma ya nyumba, akanionyesha bustani ya marehemu iliyoota magugu, akanipa jembe. Nililima mpaka jua likachwa, nalo huko mwezi wa Juni huchelewa sana kuchwa. Sikulipwa kitu, na sijapata kulipwa zaidi.

Siku ya 18 mwenzangu alikuwa akiosha vyombo. Akageuka, mikono imejaa povu, akauliza, "Ukiondoka, utarudi?"

Yeye alikuwa mtu wa tatu. Karani alitaka kujua kama nitarudi Tanga. Mama alitaka kujua kama nitarudi kwake. Huyu alitaka kujua kama nitarudi hapa. Nikamjibu neno lilelile nililomjibu mama, na lugha yetu ikanisaidia, maana kurudi kwa Kiswahili hakusemi upande. Aendaye hurudi, na ajaye hurudi.

Niliondoka siku iliyoandikwa. Tulipanga aje Aprili 2020, tukatangulia kupanga. Machi ile nchi za Ulaya zilifunga mipaka yao kwa sababu ya korona, na Aprili Tanzania nayo ikasimamisha ndege za abiria kutoka nje. Mei 18 anga yetu ikafunguliwa. Ya kwao kwa watu wa kwetu ikabaki imefungwa. Baadhi ya serikali za Ulaya zilianza mwaka ule kuwaruhusu wapenzi wasiofunga ndoa kuonana, kwa sharti la kuthibitisha kuwa kweli ni wapenzi. Watu wakapeleka picha na barua zao dirishani. Tulizitazama barua zetu, zile zenye wino mwekundu wa ngeli, tukashauriana, tukaona kuwa hizo hatutazitoa. Septemba akaja yeye Tanga.

Mwaka 2021 tulifunga ndoa katika ofisi ya mkuu wa wilaya. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yataka tangazo la siku 21 kabla ya ndoa, ili mwenye pingamizi aseme. Tulicheka pamoja tulipoiona tarakimu ile tena. Kati ya siku zake 90, 21 zilikwenda katika kumngoja mtu wa kupinga. Na aliyekuja kila siku kutazama ubao wa matangazo alikuwa mjomba wangu, asiyepinga, bali afurahiye kusoma jina langu.

Watu wengi hudhani kuwa ndoa humaliza habari za viza. Ndoa hufungua maombi mengine: ya kuhamia, ya kuishi, ya kujifunza lugha na kufanya mtihani wake. Hayo tungaliweza kuyafanya. Lakini mimi nina mama mmoja, naye ana mama mmoja, na wote wawili sasa hawaachiki peke yao mwaka mzima. Basi tumechagua maisha ya majahazi. Yeye huja kwa siku zake 90. Mimi huenda kwa siku nipewazo, zisizozidi 90 katika kila siku 180. Hesabu hiyo hufanywa kwa kutazama nyuma: kila siku uliyopo kule huhesabiwa pamoja na siku zote ulizokaa katika siku 180 zilizopita. Tuna kalenda ukutani huku na kalenda ukutani kule, na penseli mbili. Ada iliyokuwa yuro 60 ikawa 80 mwaka 2020, na tangu Juni 2024 ni 90, yaani yuro moja kwa kila siku ya juu kabisa niwezayo kupewa. Hata muhuri wenyewe waanza kuaga: tangu Oktoba 2025 mipaka ya Schengen imeanza kuandika nyuso na vidole kwa mashine mahali pa wino. Upepo ulikuwa hauulizi kitu. Mashine haisahau kitu.

Nimeulizwa na wanafunzi wangu kama maisha haya yana faida. Nawaambia kuwa hasara yake yaonekana upesi: sikumzika mkwe wangu, na nauli tulizolipa zingejenga nyumba. Wala siwaambii wanyamaze juu ya mizani isiyo sawa. Mtu anayelipa dola 50 akakaribishwa na mtu anayeweka maisha yake yote juu ya meza hawakupiga hodi moja, na si kosa kulisema hilo kwa sauti. Lakini sauti hiyo iwe yako. Mimi niliishusha haki yangu mwenyewe siku niliposema akiba isiyokuwapo, kwa kuwa tangu siku ile sikuweza kulia bila ya kujisikiliza. Swali la ofisi lina dhana mbaya ndani yake. Hata hivyo ni swali ambalo wanipendao pia wana haki ya kuniuliza. Tofauti iko katika uso wa mwulizaji, na katika jambo atakalofanya nikikosa kurudi. Ofisi itafuta jina langu. Mama hatalifuta.

Jana nimepanga tena karatasi zangu juu ya kitanda: barua ya mkuu wa shule, bima, hati ya ndoa, na hesabu ya benki yenye kujaa na kupwa kwake. Mama, ambaye sasa haoni vizuri, alizigusa moja moja kwa kidole kama mtu ahesabuye dagaa.

"Zimetimia?" akauliza.

"Zimetimia, mama. Tunangoja wao."

Akageuza uso kuelekea dirishani, kwenye mnazi, kwa mazoea ya zamani. "Kaskazi imeanza," akasema. "Wakati wake ndio huu."